Wimbo Una Wenyewe

Ni ada ya redio zetu, na sijaisikia ikivunjwa ila kwa nadra, kwamba mtangazaji akimaliza kuupiga wimbo hulitaja jina la mwimbaji, akalisifu na kulipamba kwa lakabu zote alizojaaliwa kuzikumbuka, kisha akahamia kwenye tangazo la sabuni au la benki, pasipo kumtaja aliyeyatunga maneno wala aliyeibuni sauti. Jumapili asubuhi, hususan nchini Kenya, ambako sauti ya marehemu Jim Reeves imekuwa kama sehemu ya chai ya mapema na matayarisho ya kwenda kanisani, huweza kupigwa wimbo wake wa mwaka 1958 uitwao "Blue Boy", na nyumba nzima, kuanzia babu hadi mjukuu, ikauitikia kwa kichwa; lakini ukimwuliza mmoja wao ni nani aliyeutunga, atakujibu kwa mshangao kuwa ni Jim Reeves mwenyewe, kwani yuko mwingine? Yuko. Aliyeutunga ni Boudleaux Bryant, mtu ambaye jina lake halijapata kutajwa katika meza ile, ingawa tungo zake na za mkewe Felice zimeingia katika nyumba nyingi za dunia kwa kupitia vinywa vya wengine.

Rai yangu naiweka mbele mapema ili msomaji ajue ninakompeleka: utunzi wa nyimbo ni kazi yenye kulisha nyumba, na nyumba inayoishi kwa kazi hiyo hulindwa na vitu viwili, jina na mkataba, ambavyo kimojawapo kikikosekana kipaji hakiifai kitu. Kwa ushahidi wa rai hiyo sitawaleta waimbaji waliojaza viwanja. Nitawaleta mtu na mkewe, Wamarekani, ambao hawakuwa na umaarufu wa sura wala wa sauti, na hata hivyo waliaga dunia wakiwa ni wamiliki wa kazi ya mikono yao. Neema ambayo watunzi wengi wenye vipaji visivyopungua vyao, katika bara letu na nje yake, hawakuipata.

Fidla na lifti

Boudleaux alizaliwa mwaka 1920 katika mji mdogo wa Shellman, jimbo la Georgia, akakulia Moultrie katika jimbo lilo hilo, na tangu udogoni alifundishwa fidla kwa nia ya kumfanya mpigaji wa muziki wa kitaalamu wa Ulaya. Nia iliyomfikisha hata katika okestra ya mji wa Atlanta kwa msimu mmoja, kabla moyo wake haujageukia muziki wa mashambani na bendi za redio, ambazo malipo yake yalikuwa ya kubahatisha lakini furaha yake haikuwa hivyo. Felice, ambaye wazazi wake walimwita Matilda Genevieve Scaduto, alizaliwa mwaka 1925 mjini Milwaukee, Wisconsin, katika jamaa ya Kitaliano, na hilo jina la Felice alipewa na mumewe. Walionana mwaka 1945 katika hoteli ya Schroeder mjini humo, bibi akiendesha lifti, bwana akipiga muziki. Naye Felice hakuchoka kusimulia umri wake wote kwamba alimtambua papo hapo, kwa kuwa alikwisha kumwona ndotoni alipokuwa mtoto wa miaka minane. Msomaji asiyesadiki ndoto ana hiari yake. Mimi naona kwamba mtu awezaye kuihifadhi ndoto moja kwa miaka kumi na ushei tayari ana nusu ya sifa za mtunzi.

Mwaka uo huo walioana, wakaingia katika ufukara kwa pamoja, kama wafanyavyo wengi. Walitunga kwanza kwa kujifurahisha, kisha kwa kutumaini, wakawa wakiwapelekea barua waimbaji na wachapishaji, na barua nyingi zikaenda zisirudi na jibu, hata wimbo wao "Country Boy" ulipofika, kwa msaada wa rafiki, mikononi mwa Fred Rose wa kampuni ya uchapishaji ya Acuff-Rose mjini Nashville. Mwaka 1949 Little Jimmy Dickens aliuimba, watu wakaupenda, na mwaka uliofuata Boudleaux na Felice wakawachukua wana wao wawili wakahamia Nashville, wakakaa katika nyumba ya magurudumu, maana ya mawe hawakuwa na uwezo nayo.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Nashville ya siku zile ilikuwa na waimbaji waliotunga, na wapiga ala waliotunga, na hata wachapishaji waliotunga, lakini mtu wa kutunga tu, asiyepanda jukwaani wala kuuza sauti yake, alikuwa karibu hayuko. Boudleaux na Felice huhesabiwa miongoni mwa wa kwanza kuishi katika mji ule kwa utunzi peke yake. Je, ni wangapi katika miji yetu leo wanaothubutu kujibu hivyo wanapoulizwa na wakwe zao kazi wanayoifanya?

Daftari na tambi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na sidhani kama methali hiyo imepata kutiiwa kwa ukamilifu zaidi ya ilivyotiiwa katika nyumba hii ya Kimarekani ambayo haikupata kuisikia. Tungo zao waliziandika katika madaftari makubwa ya wahasibu, yale yaliyochorwa mistari ya mapato na matumizi, wimbo baada ya wimbo, ukurasa baada ya ukurasa, uliofaulu na usiofaulu ukikaa ubavuni mwa mwenziwe. Mwaka 2019, jumba la makumbusho ya muziki wa country mjini Nashville lilipofanya maonyesho juu ya maisha yao, madaftari hayo yalikuwamo, na mtu aliweza kuona kwamba mahali alipotazamiwa mhasibu kuandika bei ya ngano, wao waliandika majonzi ya kijana aliyeachwa na mchumba.

Kuuza nako kulikuwa na hila zake za halali. Boudleaux alikuwa akienda nyuma ya jukwaa la Grand Ole Opry, katika ukumbi wa Ryman, akawakaribisha waimbaji nyumbani kwake kwa chakula cha jioni. Felice akapika tambi na mchuzi wa Kitaliano kama alivyofundishwa kwao, wageni wakala wakashiba, na baada ya kushiba daftari likafunguliwa. Sisi tunaojua adabu ya mgeni tunafahamu vizuri nguvu ya hila hiyo, kwani ni nani, akiisha kulishwa pilau ya watu, awezaye kuwakatalia kuwasikiliza kwa nusu saa?

Husemwa kwamba fahali wawili hawakai zizi moja, na historia ya muziki ina ushahidi mwingi wa kuithibitisha kauli hiyo, ya washirika walioanza kwa mapenzi wakamaliza mahakamani. Hawa wawili waliishi zizi moja kwa zaidi ya miaka 40. Bwana alikuwa msomi wa noti, bibi alitegemea sikio na ulimi. Na katika kutia majina yao kwenye nyimbo hawakufanya ubakhili wala hawakufanya unafiki. "Bye Bye Love" na "Wake Up Little Susie" ziliandikwa kwa majina ya wote wawili. "All I Have to Do Is Dream" na "Love Hurts" kwa jina la mume pekee. Na "We Could", ambao Felice aliutunga uwe zawadi ya siku ya kuzaliwa ya mumewe, kwa jina la mke pekee, nao ukaimbwa na Little Jimmy Dickens, na miaka mingi baadaye, mwaka 1974, ukampatia Charley Pride sifa kubwa. Katika zama ambazo mwanamke aliyetunga nyimbo alitazamiwa kushukuru kwa kuachiwa kuitika kiitikio, jambo la mke kuandikwa kwa jina lake mwenyewe, na kulipwa kwalo, silioni kuwa ni dogo.

Mafanikio yao makubwa yalipita kwa ndugu wawili, Don na Phil Everly. "Bye Bye Love" inasimuliwa kuwa ulikwisha kukataliwa na waimbaji wapatao 30 kabla ndugu hawa hawajaukubali mwaka 1957, ukapanda hata nafasi ya pili katika orodha ya nyimbo za pop nchini Marekani na ya kwanza katika ile ya country. "Wake Up Little Susie", kisa cha vijana wawili waliopitiwa na usingizi sinema wakaogopa watu watawafikiriaje, uliudhi baadhi ya vituo vya redio mjini Boston vikakataa kuupiga, nao ukafika nafasi ya kwanza vivyo hivyo. Mwaka 1958 "All I Have to Do Is Dream" uliongoza orodha ya pop, ya country, na hata ile ya muziki wa Wamarekani weusi; jambo la ajabu katika nchi ambayo, majimboni mwa kusini alikozaliwa mtunzi, watu wa rangi mbili hawakuruhusiwa kunywa maji katika bomba moja. Na "Love Hurts", ambao ndugu wale waliurekodi mwaka 1960, ulichukuliwa na Roy Orbison mwaka 1961, kisha katika miaka ya 1970 ukafanywa upya na kundi la Nazareth la Scotland kwa magitaa ya kelele, hata vijana wengi wakaamini kuwa ni mali ya Waskoti.

Senti moja kwa sahani

Tuache sifa tuje kwenye riziki, kwani sifa haijazwi chunguni. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1909, iliyodumu hata mwisho wa miaka ya 1970, mrabaha wa wimbo mmoja katika kila sahani ya santuri iliyotengenezwa ulikuwa senti 2 za dola. Na kwa desturi ya biashara mchapishaji alichukua nusu yake, mtunzi akabakiwa na senti moja. Wimbo ukiuza sahani milioni moja, jambo ambalo wengi hawalipati hata mara moja katika umri wao, mtunzi alipata dola 10,000, na watunzi wakiwa wawili wakagawana. Haba na haba hujaza kibaba, naam, lakini kibaba hicho hujaa kwa sharti kwamba kila haba imehesabiwa na imemfikia mwenyewe. Mtunzi mwenye wimbo mmoja anaweza kula vizuri kwa mwaka mmoja. Mwenye mamia ya nyimbo, kila moja ikileta senti zake kutoka upande wake wa dunia, anaweza kusomesha watoto na kujenga.

Upande wa redio ndio wenye kunichekesha na kunifunza kwa pamoja. Huko Marekani kituo cha redio cha kawaida kikiupiga wimbo humlipa mtunzi na mchapishaji wake, kwa kupitia vyama vya kukusanya haki kama BMI, kilichoanzishwa mwaka 1939, na mwimbaji aliyeuimba hakimlipi kitu. Na hivyo ndivyo ilivyo hata leo. Kwa hiyo mtangazaji wa kule, amtajapo mwimbaji na kumwacha mtunzi, humpa mmoja sifa na mwenziwe fedha, nao wote wawili wakaenda zao wameridhika nusu nusu. Lakini palipo na mtunzi asiyetajwa na asiyelipwa, yeye amebakiwa na nini?

Wala nisidhaniwe kuwa naipamba Nashville. Mwaka 1961 ndugu wale wa Everly waligombana na Wesley Rose, mwana wa Fred, aliyekuwa meneja wao na wakati uo huo ndiye mkuu wa kampuni ya uchapishaji ya Acuff-Rose, na kwa ugomvi huo wakafungiwa mlango wa tungo za Boudleaux na Felice hata mwaka 1964. Waimbaji wakakosa nyimbo zilizowafaa, watunzi wakakosa vinywa vilivyowazoea, na yote kwa ghadhabu ya mtu mmoja asiyeimba wala kutunga. Ndipo mtu anapofahamu kwamba wimbo hukaa katika milki ya mwenye karatasi.

Kifungu cha miaka 10

Na karatasi hiyo Boudleaux na Felice walikuwa wameifikiria. Walipofunga mkataba wao wa miaka 10 na Acuff-Rose, kabla ya fanaka ile yote, waliweka sharti kwamba muda ukiisha nyimbo zao ziwarudie wenyewe. Nasema bila ya kusitasita kwamba kifungu hicho ndicho utunzi wao ulio bora kuliko wote, ingawa hakina vina wala hakiimbiki. Mwaka 1967 muda uliisha, nyimbo zikarudi, nao wakaanzisha kampuni yao wenyewe wakaiita House of Bryant. Ile senti ya mchapishaji nayo ikawa yao.

Mwaka uo huo, kana kwamba nasibu nayo ilikuwa ikisubiri mkataba uishe, walikuwa katika nyumba ya wageni huko Gatlinburg, milimani Tennessee, wakitunga nyimbo za taratibu juu ya uzee kwa ajili ya mchekeshaji Archie Campbell, na Felice, aliyechoshwa na huzuni ya siku kadhaa, akataka jambo la kuchangamsha. Kwa muda wa dakika 10 hivi wakatunga "Rocky Top". Kundi la Osborne Brothers liliurekodi mwaka huo, na mwaka 1982 serikali ya Tennessee ikaufanya mmoja wa nyimbo rasmi za jimbo. Hata zilipopita siku nyingi, mwaka 2014, mji wa Lake City, mji wa machimbo ya makaa ya mawe uliodhoofika, ulipotaka kujiita Rocky Top ili uvute watalii, House of Bryant ilikwenda katika mahakama ya shirikisho kuuzuia, na mahakama haikuuzuia, mji ukabadili jina. Katika shauri hilo moyo wangu ulikuwa upande wa mji, kwani haki ya mtunzi, kama haki yoyote, ina mpaka wake, na jina la kilima si wimbo. Lakini sikosi kuona fahari ya watunzi ambao jina walilolitia katika wimbo limeweza kugombewa na mji mzima.

Linganisha na yaliyompata Solomon Linda, Mzulu wa Afrika Kusini, aliyerekodi "Mbube" mjini Johannesburg mwaka 1939. Haki za wimbo ule zilimtoka kwa shilingi 10, wimbo ukavuka bahari, ukaitwa majina mengine, ukauza dunia nzima, naye akafa mwaka 1962 akiwa maskini. Warithi wake walipata suluhu ya madai yao mwaka 2006, yaani miaka 44 baada ya kufa kwake. Je, Linda alikuwa na kipaji pungufu? Hasha! Alichokosa ni kile kifungu. Na hapa kwetu "Malaika", wimbo ambao Miriam Makeba, Harry Belafonte na hata Boney M waliuimba, bado huwagonganisha watu kila lizukapo swali la mtunzi wake, wengine wakisema ni Fadhili William aliyeurekodi, wengine wakisema ni Adam Salim. Na sababu ya ugomvi ni kwamba hapakuwa na daftari.

Tulikuwa nayo desturi hii

Linalonisikitisha ni kwamba kulitia jina katika kazi si ugeni kwetu. Washairi wa pwani walikuwa na ada ya kujitaja katika beti za mwisho, wakaandika nasaba yao na mwaka wa kutunga, kama alivyofanya Mwana Kupona binti Mshamu mwaka 1858 katika utendi wake kwa bintiye, hata yeyote atakayeunakili au kuughani hana njia ya kulikwepa jina la mwenyewe. Baadaye tukaingia katika taarabu, ambamo aghalabu mshairi hutunga maneno, fundi akayatilia sauti, mwimbaji akasimama mbele. Na unapofika wakati wa kutunzwa, noti humwendea aliyesimama mbele, na mshairi, akiwa yumo ukumbini, hupiga makofi pamoja na wengine. Simlaumu mwimbaji. Nauliza tu mshairi yule anarudi nyumbani na nini, na mkewe akimwuliza habari ya unga amjibu nini.

Sheria hazikosekani: Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, Kenya ina ya mwaka 2001, na vyombo vya kukusanya mirabaha vipo. Lakini vyombo hivyo haviwezi kumlipa mtu asiyeandikishwa kazi yake, na mtunzi wetu, kwa ukarimu au kwa haraka, huuacha wimbo studio kwa kuahidiwa kuwa "atakumbukwa", akaondoka na nauli ya daladala. Mwaka mmoja baadaye wimbo unapigwa katika kila harusi kuanzia Tanga hadi Mombasa, naye anakopa ada ya shule ya mtoto.

Boudleaux alifariki mwaka 1987, Felice mwaka 2003. Mwana wao Del, aliyelelewa kwa senti za nyimbo, aliiongoza BMI, yaani chombo kile kile cha kuwakusanyia watunzi haki zao, tangu mwaka 2004 hadi 2014.

Kwa hiyo nawasihi watangazaji wetu: taja na mtunzi, haitakugharimu hata nusu ya muda wa tangazo la sabuni. Nawe kijana uliye na wimbo mfukoni, ukiwekewa karatasi na kalamu mbele yako, usitie sahihi kabla hujauliza wimbo huo utakurudia lini. Na ukijibiwa kuwa hautarudi, chukua daftari lako uondoke.